Kilo Zilizokwenda na Upepo

Kila msimu wa kahawa unapofika katika milima ya Umatengo, kuanzia mashamba ya Mapera hadi kwenye kiwanda cha kukoboa kilichopo Mbinga mjini, kuna neno moja ambalo huvunja udugu upesi kuliko deni. Neno hilo ni "pungufu". Chama cha msingi hupokea kahawa ya wanachama wake, karani huipima na kuiandika, magunia hupangwa ghalani. Wiki kadhaa baadaye, siku ya kusafirisha, mizani husema jambo jingine: kilo zimepungua. Hakuna kufuli lililovunjwa wala gunia lililotobolewa. Macho yote humgeukia mtu mmoja, naye ni yule mwenye ufunguo.

Ndugu msomaji, leo tunaizungumzia hesabu inayoweza kumwokoa mtu huyo ikiwa hana hatia, na kumfichua ikiwa anayo. Haina siri yoyote. Ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa anayofundishwa mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali, na siku hizi huweza kufanywa kwenye simu iliyo mfukoni mwa kijana wa kidato cha pili, kwa kutumia programu ya majedwali yenye kujikokotolea yenyewe, ambayo kwa Kiswahili huitwa lahajedwali.

Wengi wetu tunakifahamu kisa alichokipokea Abu Huraira (r.a.), kilichomo katika Sahihi Muslim, cha siku Mtume (s.a.w.) alipolipitia rundo la chakula kilichokuwa kikiuzwa. Aliingiza mkono wake ndani ya rundo, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye bidhaa akaeleza kuwa mvua ndiyo iliyokilowesha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza ni kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakapata kukiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Masheikh wetu hukitaja kisa hiki kila wanapokemea udanganyifu wa sokoni, nao wana haki kufanya hivyo. Lakini ndani yake mna jambo la kiufundi ambalo aghalabu tunalipita. Uso wa rundo haukutosha kuwa ushahidi. Ilibidi unyevu wa ndani utafutwe, na siku ile mkono mtukufu ndio uliokuwa kipimo.

Sasa tuitazame kahawa yenyewe. Kahawa ya Mbinga ni arabika. Matunda mekundu huchumwa, humenywa kwa mashine, punje huvundikwa ili ute uachie, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja. Siku ya kwanza ya kuanikwa, zaidi ya nusu ya uzito wa punje hizo ni maji. Jua na upepo vikifanya kazi yao kwa muda wa wiki mbili hivi, unyevu hushuka hadi kwenye asilimia 11 au 12, nayo sasa huitwa kahawa ya maganda, yaani punje kavu ambazo bado hazijakobolewa. Ikibaki na unyevu mwingi zaidi ya hapo hushikwa na ukungu, na ladha yake huharibika kabla haijafika kwa mnunuzi.

Chukua kilo 100 za punje zilizotoka kuoshwa, zenye unyevu wa asilimia 55. Ndani yake mna kilo 55 za maji na kilo 45 za kitu kilichobaki, ambacho katika makala hii tutakiita kahawa halisi. Jua haliwezi kuondoka na kahawa halisi. Linaondoka na maji tu. Basi punje hizo zikifika unyevu wa asilimia 11, zile kilo 45 zimekuwa asilimia 89 ya uzito mpya. Gawanya 45 kwa 0.89, utapata kilo 50 na nusu na kidogo. Kilo 49 na ushei zimepaa, na hakuna aliyeziiba.

Hiyo ndiyo kanuni ambayo wahandisi wa kemikali huitegemea katika kila kiwanda, awe anayechemsha maji ya miwa Kilombero au anayechoma saruji Tanga: kinachoingia mtamboni lazima kilingane na kinachotoka pamoja na kilichobaki ndani. Kama hesabu haikubali, ama kuna mahali panapovuja au kuna kitu ambacho hakikupimwa. Mhandisi hamtuhumu mtu kabla hajatafuta njia zote ambazo kitu kinaweza kupita. Laiti mikutano yetu ya vyama ingekuwa na adabu hiyo.

Turudi ghalani. Tuseme chama kimepokea kilo 10,000 za kahawa ya maganda, na siku ya kupokea unyevu wake ulikuwa asilimia 13, kwa kuwa baadhi ya wakulima huleta kahawa kabla haijakauka sawasawa. Kahawa halisi iliyomo ni asilimia 87 ya hizo, yaani kilo 8,700. Imekaa ghalani wakati wa kiangazi, hewa ni kavu, na siku ya kusafirisha unyevu umeshuka hadi asilimia 11. Gawanya 8,700 kwa 0.89. Jibu ni kilo 9,775. Ghala limepoteza kilo 225 na karani hakugusa hata punje moja.

Hapa ndipo panapohitaji utulivu, kwa sababu kuna kosa ambalo hata watu wenye elimu hulifanya. Mjumbe mwerevu atasimama mkutanoni na kusema: "Unyevu umeshuka kutoka 13 hadi 11, hiyo ni asilimia 2. Asilimia 2 ya kilo 10,000 ni kilo 200. Karani, hizo 25 zilizobaki ziko wapi?" Swali linasikika kuwa la haki, na karani wa watu atababaika, maana hana jibu. Jibu lipo. Asilimia 13 ilikuwa ya uzito wa zamani, na asilimia 11 ni ya uzito mpya. Ni vipande vya vitu viwili tofauti, na haviwezi kutolewa kimoja kwa kingine. Kitu pekee ambacho hakikubadilika ni kahawa halisi, na hesabu yoyote isiyopitia hapo itapotoka. Kilo 25 za kahawa ni fedha nyingi za kumdai mtu asiyezichukua, na buhtani ni dhambi hata inapofanywa kwa kikokotoo.

Lakini hesabu hiyohiyo haimpendelei karani. Kama siku ya kusafirisha mizani ingesoma kilo 9,600 kwa unyevu uleule wa asilimia 11, basi kilo 225 zimekwenda na upepo, na zile 175 zilizosalia hazina upepo wa kuzibeba. Neno "unyevu" lisiwe shuka la kufunikia kila kitu.

Tena kuna upande wa pili wa jambo hili, ambao naona ni wa hatari zaidi kwa sababu haupigi kelele. Kahawa iliyokauka hunywa maji ya hewani. Ikiwa imeingia ghalani kwa asilimia 11, kilo 10,000, kisha mvua zikaanza kabla gari halijaja, na unyevu ukapanda hadi asilimia 13, uzito utafika takriban kilo 10,230. Mtu mwenye nia mbaya akitoa magunia manne ya kilo 50 na kuyauza kwa njia za panya, mizani itasoma kilo 10,030. Wanachama watapiga makofi kwa kuwa mali yao imetimia na kuzidi! Mizani haikusema uongo. Imepima maji na kahawa kwa pamoja, kama ilivyoumbwa kufanya. Sisi ndio tuliouliza swali lisilokamilika.

Kwa nini basi hesabu hii haikuwahi kufika vijijini, ilhali kanuni yake ni ya zamani? Jibu moja ni kwamba kuifanya kwa mkono gunia baada ya gunia kunachosha, na uchovu huzaa makosa. Wahandisi nao walisumbuka hivyo hivyo. Kikokotoo cha kwanza cha mfukoni chenye hesabu za kisayansi, HP-35, kilitoka mwaka 1972 na kuwaondolea rula zao za kukokotolea. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa VisiCalc, lahajedwali ya kwanza kwa kompyuta ndogo: ukibadilisha namba moja, namba zote zinazoitegemea hubadilika papo hapo. Mwaka 1991 ilikuja HP 95LX, kompyuta ya kiganjani iliyokuwa na lahajedwali ya Lotus ndani yake, na mhandisi akaweza kusimama kando ya tanuri au pipa la kuchanganyia huku akipiga hesabu ya mtambo wote. Kilichokuwa kifaa cha wachache wakati ule, leo kimo ndani ya simu ambayo vijana wetu huitumia kutazama mpira.

Na tusidhani kuwa mambo haya ni ya kigeni kwetu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kile kitabu ambacho neno "aljebra" limetokana nacho, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Hesabu kwake ilikuwa chombo cha kumfikishia mwenye haki haki yake, awe yatima au mjane.

Jedwali lenyewe ni hili. Katika simu, fungua lahajedwali mpya. Safu ya A iwe ya tarehe, B namba ya gunia, C uzito kwa kilo, D unyevu kwa asilimia. Safu ya E ni ya kahawa halisi, nayo mtu haiandiki kwa mkono; katika kisanduku cha E2 huandikwa =C2*(100-D2)/100, kisha kanuni hiyo hunakiliwa kwenda chini. Mwisho wa jedwali, jumlisha safu ya E. Siku ya kusafirisha, tengeneza jedwali la pili kama lilelile kwa magunia yanayotoka. Jumla mbili za safu ya E ndizo zinazolinganishwa. Jumla za safu ya C zinaweza kupishana kwa mamia ya kilo pasiwe na neno. Za safu ya E hazina ruhusa hiyo. Programu za aina hii, mradi zimeshawekwa kwenye simu, hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao, na hili si jambo dogo kwa anayepimia kahawa katikati ya mashamba ya ngoro.

Ziko hatari zake, nami sitaki mtu adhani simu ni malaika. Ya kwanza: ukiandika "50kg" badala ya 50, lahajedwali huliona hilo kuwa neno, si namba, na kanuni ya kujumlisha safu ya C hulipita kimya kimya. Gunia zima la mkulima limetoweka bila kilio. Huko Uingereza, mwaka 2020 wakati wa korona, takriban wagonjwa 16,000 hawakuingia katika hesabu za taifa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, kwa sababu taarifa zao zilipitishwa katika faili la muundo wa zamani ambalo mwisho wake ni mistari 65,536, iliyozidi ilikatwa. Waliokuwa wamekaa nao karibu hawakupewa taarifa kwa wakati. Ikiwa taifa lenye wataalamu wote wale limeponyokwa, chama cha Mapera kina sababu zaidi ya kuhesabu magunia kwa macho pia, na kuhakikisha idadi ya mistari inalingana na idadi ya magunia.

Hatari ya pili ni kipima unyevu chenyewe. Kifaa kilichowekwa kwa ajili ya kahawa iliyokobolewa hakitoi jibu sahihi kwa kahawa ya maganda; lazima kiwekwe kwa bidhaa inayopimwa. Hata kikiwekwa vizuri, kukosea kwa nusu asilimia ni jambo la kawaida, na nusu asilimia katika kilo 10,000 ni kilo 50 za kahawa halisi. Kwa hiyo tofauti ya kilo 30 kati ya jumla mbili za safu ya E si ushahidi wa lolote, na mwenye kumhukumu mtu kwa kilo 30 hizo amehukumu kwa dhana. Tofauti ya kilo 175 ni habari nyingine. Njia ya uhakika zaidi ni ile ya maabara: kupima sampuli ndogo, kuikausha katika tanuri kwa nyuzi joto 105 kwa saa nyingi hadi uzito wake ukome kupungua, kisha kuipima tena. Shule ya sekondari yenye tanuri na mizani ya maabara inaweza kuifanya kazi hiyo, na wanafunzi wakajifunza kemia kwa zao la wazazi wao. Mizani ya ghalani nayo iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo. Jedwali haliponyi mizani mbovu.

Ya tatu ndiyo inayonishughulisha zaidi, nayo si ya kiufundi. Jedwali likikaa ndani ya simu ya karani peke yake, tumehamisha giza kutoka daftarini kwenda kwenye kioo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Inataka mwandishi aandike kwa uadilifu, inataka mashahidi wawepo, na inampa jukumu la kutamka kinachoandikwa yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa. Chama kilichopokea kahawa na bado hakijalipa ni mdaiwa wa wakulima. Basi kwa ufahamu wangu, chama ndicho kinachopaswa kusoma mbele ya watu uzito na unyevu wa kila gunia, na mkulima aondoke na nakala ya vyote viwili, kwa karatasi au kwa ujumbe wa simu. Mara nyingi stakabadhi huwa na uzito tu. Aya hiyohiyo inakataza mwandishi na shahidi kudhuriwa, na hapo karani wetu anapata ulinzi wake. Anayetunza kumbukumbu kwa uaminifu asiwe wa kwanza kutupiwa mawe.

Kwa hiyo nakala za jedwali ziwe angalau mbili, mikononi mwa watu wasio wa nyumba moja, na lifungwe kila siku jioni kwa kuandika jumla yake ubaoni. Atakayebadilisha namba ya jana itabidi afute na chaki pia. Na wazazi, msiwaone mabinti zenu wadogo mno kwa kazi hii. Msichana aliyefaulu hisabati darasani na akakaa nyumbani akisubiri matokeo anaweza kuwa mkaguzi mzuri kuliko mjumbe mwenye sauti kubwa. Zaidi ya hayo, mjane mwenye shamba la miche michache, ambaye huona haya kuuliza mbele ya wanaume, ataweza kumuuliza yeye.

Ndugu zetu wa pwani ya ziwa, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, wasidhani kuwa wameachwa nje. Usipa unaoanikwa mchangani hufuata kanuni ileile, na mnunuzi anayetoka mbali hununua maji kwa bei ya samaki pale mzigo unapofungwa kabla haujakauka. Makopa ya muhogo ni hivyo hivyo. Ama suala la zaka katika kahawa, madhehebu yametofautiana: wako wanaoitoza kila kinachooteshwa, na wako wanaoishia kwenye mazao ya chakula kikuu kinachowekeka. Muulizeni sheikh wenu wa karibu. Mimi ninachosema ni kwamba atakayewajibika kuitoa ataipata hesabu yake tayari.

Kwa chama ambacho hakijashawishika, jaribio ni jepesi. Msimu huu, chagueni gunia moja mbele ya wanachama, litieni alama ya rangi, lipimeni uzito na unyevu, andikeni. Libaki ghalani pamoja na mengine. Kila Ijumaa baada ya swala, watu watatu walipime tena kwa mizani ileile na kifaa kilekile, wajaze mstari mpya. Baada ya miezi miwili, bandikeni jedwali hilo mlangoni, safu ya C na safu ya E zikiwa kando kwa kando, kila mtu asome mwenyewe.